Nyuma kwa 3-1: Je, Meza Hupinduka?

Ndugu Mwenyekiti, ndugu makocha na waamuzi, wachezaji mnaocheza na mliostaafu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila msimu wa mtoano hurudi vijiweni: je, timu ya mpira wa kikapu iliyokwisha kuachwa nyuma katika mfululizo wa michezo saba, ambao anayetangulia kushinda minne ndiye mshindi, inaweza kupindua meza? Jibu la haraka ni kwamba inaweza, kwa kuwa imewahi kutokea, na wengi wetu hapa tulikesha hadi alfajiri tukiitazama ikitokea. Lakini jibu hilo halimsaidii kocha wala mchezaji, kwa sababu halimwambii ni timu ipi iliyo na nafasi na ni ipi inayomalizia ratiba tu. Nitakayoyasema leo yanahusu tofauti hiyo. Mifano yangu nitaitoa katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ambako kumbukumbu za mtoano zimetunzwa kwa miaka mingi na ambako mfululizo wa michezo saba ndio mfumo wa kawaida.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabaki kubishana kwa hisia. Tuchukulie kwamba timu mbili zinalingana kabisa, kiasi kwamba kila mchezo ni sawa na kurusha sarafu. Timu iliyo nyuma kwa 3-2 inatakiwa ishinde miwili mfululizo, na nafasi yake ni moja katika nne. Iliyo nyuma kwa 3-1 inatakiwa ishinde mitatu, na nafasi yake ni moja katika nane. Iliyo nyuma kwa 3-0 inatakiwa ishinde minne, na nafasi yake ni moja katika kumi na sita. Iliyo nyuma kwa 2-0 bado ina ruhusa ya kupoteza mchezo mmoja zaidi, na nafasi yake inakaribia asilimia 19.

Sasa linganisheni hesabu hiyo na yaliyotokea uwanjani. Timu zilizowahi kuwa nyuma kwa 3-0 katika historia ya NBA zimepita 150. Kama mambo yangekwenda kwa sarafu, takriban tisa kati ya hizo zingekuwa zimepindua meza. Lakini hadi mtoano wa mwaka 2024 unamalizika, hapakuwa na hata moja. Nne tu ndizo zilizofanikiwa kuusogeza mfululizo hadi mchezo wa saba, nazo ni New York Knicks mwaka 1951, Denver Nuggets mwaka 1994, Portland Trail Blazers mwaka 2003 na Boston Celtics mwaka 2023, na zote nne zilifungwa siku hiyo ya mwisho. Kwa 3-1 hali ni afadhali, ila si kwa kiasi ambacho sarafu ingetuahidi: tangu Boston Celtics walipowatoa Philadelphia mwaka 1968 hadi kufikia mwaka 2020, ilitokea mara 13 tu, katika mifululizo inayozidi 200 ambamo timu moja ilikuwa imeongoza kwa idadi hiyo.

Kwa nini uwanja uwe mkali kuliko sarafu? Kwa sababu sarafu haina kumbukumbu wala uwezo, ilhali timu iliyokufunga mara tatu imekwisha kutoa ushahidi kwamba huenda ina uwezo kukuzidi. Matokeo ya michezo iliyopita hayachezi mchezo ujao, hilo ni kweli, lakini yanatueleza habari za watakaoucheza. Kwa hiyo swali la kama tunaweza si swali la kwanza. La kwanza ni sababu iliyotufanya tufungwe, na la pili ni kama sababu hiyo itakuwapo tena keshokutwa. Timu ambayo sababu ya kufungwa kwake imeondoka, iwe kwa akili ya kocha au kwa bahati tupu, haiko tena katika mfululizo ule ule, hata kama ubao unasoma 3-1.

Mfano ambao kila mtu anautaja ni fainali ya mwaka 2016 kati ya Cleveland Cavaliers na Golden State Warriors, nami nitakaa nao kidogo kwa sababu huwa unasimuliwa vibaya. Warriors walikuwa wameshinda michezo 73 na kupoteza 9 katika msimu wa kawaida, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa, na Stephen Curry alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa msimu kwa kura zote bila hata moja kumpinga. Cleveland walikuwa chini ya Tyronn Lue, aliyekabidhiwa timu mwezi Januari mwaka huo huo baada ya David Blatt kuondolewa. Mchezo wa kwanza Warriors walishinda 104-89, wa pili 110-77, wa tatu Cleveland wakajibu nyumbani kwa 120-90, na wa nne Warriors wakashinda tena 108-97. Ikawa 3-1, na hapakuwahi kuwa na timu iliyotoka katika hali hiyo kwenye fainali. Zilizojaribu kabla yao zilikuwa 32, na zote zilishindwa.

Masimulizi ya kawaida husema kwamba hapo LeBron James, nyota wa Cleveland, aliamua. Sikatai kwamba aliamua. Kufunga pointi 41 katika mchezo wa tano na 41 nyingine katika wa sita si jambo la mtu aliyekata tamaa. Lakini alikuwa ameamua pia mwaka uliotangulia, dhidi ya Warriors hao hao, na akafungwa 4-2 kwa kuwa wenzake Kyrie Irving na Kevin Love walikuwa majeruhi. Tutazame kilichobadilika. Kwanza, Draymond Green, ambaye ndiye aliyekuwa akiishikilia safu nzima ya ulinzi ya Warriors, alikuwa amekusanya faulo za ukali kupita kiasi tangu raundi za awali, na ile aliyomfanyia James katika mchezo wa nne ilimfikisha kwenye kikomo cha kufungiwa mchezo mmoja. Mchezo wa tano aliufuatilia akiwa kwenye uwanja wa besiboli ulio jirani na ukumbi. Pili, katika mchezo huo huo wa tano, senta wao Andrew Bogut aliumia goti na hakurudi tena. Kwa siku moja, watu wawili waliokuwa wakiulinda mlango wa kikapu hawakuwapo, na Cleveland wakashinda 112-97 ugenini, James na Irving wakifunga pointi 41 kila mmoja.

Tatu, na hili ndilo ningependa makocha mlishike, Cleveland walimchagua mtu wa kumwendea. Curry alikuwa ameumia goti katika raundi ya kwanza dhidi ya Houston, na hakuwa na wepesi wake wa kawaida wa kusogea pembeni anapokaba. Cleveland wakawa kila mara wanamwita mchezaji yule ambaye Curry anamkaba aje kuweka skrini, yaani kusimama amzibie njia mkabaji, kwa James au kwa Irving, ili Warriors, ambao mtindo wao ulikuwa kubadilishana wa kukaba, wajikute wamemwacha Curry peke yake mbele ya mtu aliye mzito kuliko yeye au mjanja kuliko yeye kwa mpira mkononi. Lilikuwa jambo lile lile, likirudiwa bila haya, shambulio baada ya shambulio. Upande wa pili wa uwanja wakamwacha Harrison Barnes wa Warriors arushe atakavyo, na katika michezo mitatu ya mwisho Barnes alifunga mitupo 5 kati ya 32. Kocha anayejua ni nani wa kumwachia nafasi amekwisha kupata mkabaji wa ziada bila kufanya usajili.

Kuna takwimu moja ya mfululizo huo ninayoipenda kuliko zote. Baada ya michezo minne Warriors walikuwa wamefunga jumla ya pointi 412 na Cleveland 383. Baada ya michezo sita, Cleveland wakiwa wameshinda wa sita 115-101, kila timu ilikuwa na pointi 610 kamili. Na katika mchezo wa saba, tarehe 19 Juni pale Oakland, zikafika 89-89 zikiwa zimebaki dakika nne na sekunde 39, kisha kwa karibu dakika nne nzima hakuna aliyeweza kufunga. Ndani ya ukame huo James alimkimbiza Andre Iguodala wa Warriors kutoka nyuma na kuubandika mpira wake kwenye ubao. Zilipobaki sekunde 53, Irving akapewa kile kile walichokuwa wakikitafuta wiki nzima, yaani Curry akiwa mbele yake, akarudi hatua moja kulia na kutupa pointi tatu. Warriors walijaribu kulipa kwa dawa hiyo hiyo, wakamtenga Kevin Love ili akabane na Curry peke yake. Love, ambaye hakuna aliyewahi kumsifu kwa ulinzi, alicheza miguu yake vizuri na Curry akakosa. Mchezo ukaisha 93-89, na mji wa Cleveland ukapata ubingwa wake wa kwanza wa ligi kubwa tangu mwaka 1964.

Ndugu zangu, baina ya mchezo na mchezo katika mtoano kuna siku moja, mara nyingine mbili. Katika muda huo hamwezi kumfundisha mtu kutupa, hamwezi kumrefusha senta wenu, na hamwezi kuingiza mfumo mpya ambao wachezaji hawakuufanyia mazoezi tangu mwanzo wa msimu. Mnaloweza kubadilisha ni nani anamkaba nani, nani anaanza, nani anakaa benchi, timu inakimbia au inatembea, na mpira unapelekwa mbele ya mpinzani yupi. Ni orodha fupi sana. Ndiyo maana timu nyingi zilizo nyuma hufa zikiwa zimepiga kelele nyingi katika chumba cha kubadilishia nguo, na mchezo unaofuata hutoka uwanjani zikifanya yale yale kwa bidii zaidi.

Mwaka huo huo wa 2016, kabla ya fainali, Cleveland hao hao walikutana na Toronto Raptors katika fainali ya Kanda ya Mashariki, na hapo tunapata mfano wa upande wa pili. Toronto walifungwa ugenini 115-84 na 108-89. Waliporudi kwao, Bismack Biyombo, kijana wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho kinachosikika mitaani, aliyekuwa akianza kwa sababu senta wa kwanza Jonas Valančiūnas alikuwa ameumia, alidaka ribaundi 26, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, katika mchezo mmoja. Toronto wakashinda 99-84, na mchezo uliofuata wakashinda 105-99. Ikawa 2-2, na magazeti yakaandika kwamba meza imepinduka. Haikuwa imepinduka; ilikuwa imehamishiwa ukumbi mwingine tu. Biyombo alicheza kwa kiwango ambacho mchezaji hukifikia mara moja katika maisha yake, lakini tatizo lililowafungisha Toronto, yaani kwamba hawakuwa na wa kumzuia James asiingie ndani na kuwagawia watupaji, lilikuwa pale pale. Mchezo wa tano walifungwa 116-78, na wa sita, safari hii mbele ya mashabiki wao wenyewe, 113-87.

Kwa sababu hiyo, mtu akiniambia timu yake iko nyuma kwa 2-0, namwuliza kwanza michezo hiyo imechezwa wapi. Kupoteza miwili ugenini ni jambo ambalo timu nzuri hulipata. Kupoteza miwili nyumbani ni habari nyingine kabisa, kwani faida uliyoitafuta msimu mzima imekwisha kuchukuliwa na mgeni.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2019, Toronto walirudi katika hatua ile ile, safari hii dhidi ya Milwaukee Bucks, wakiwa chini ya kocha Nick Nurse na rais wa klabu Masai Ujiri, ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake ni Mkenya. Kikosini walikuwamo Pascal Siakam wa Kameruni na Serge Ibaka wa Brazzaville. Bucks walikuwa wameshinda michezo 60 katika msimu, na katika mtoano walikuwa wamepoteza mmoja tu. Wakashinda wa kwanza 108-100 na wa pili 125-103. Giannis Antetokounmpo, nyota wa Bucks, alikuwa akikabwa zaidi na Siakam, na alikuwa akifika kwenye kikapu anapotaka.

Nurse alibadilisha kitu kimoja: alimtoa Kawhi Leonard alikokuwa na kumpa kazi ya kumkaba Antetokounmpo tangu mwanzo wa mchezo, huku Marc Gasol na wengine wakijipanga nyuma yake kama ukuta, ili kila anapompita Leonard akutane na mikono mingine miwili. Ulikuwa uamuzi wa gharama, kwa kuwa Leonard ndiye pia aliyekuwa mfungaji wao mkuu na mguu wake haukuwa mzima. Katika mchezo wa tatu alicheza dakika 52, akafunga pointi 36, na mchezo ukahitaji nyongeza mbili kabla Toronto hawajashinda 118-112. Antetokounmpo alimaliza na pointi 12, akatolewa kwa faulo sita. Toronto walishinda minne mfululizo na kwenda kuchukua ubingwa. Sitaki kuficha kwamba bahati nayo ilikuwapo. Fred VanVleet wa Toronto, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa hafungi chochote, alipata mtoto wa kiume kati ya mchezo wa tatu na wa nne, kisha katika mchezo wa tano akafunga mitupo saba ya pointi tatu kati ya tisa. Hilo sijui kocha aliweke katika mpango gani wa kazi.

Najua wapo humu watakaoniambia kwamba nimeusahau moyo. Mwaka 1995 Houston Rockets walikuwa nyuma kwa 3-1 dhidi ya Phoenix Suns, wakashinda mchezo wa saba ugenini 115-114 kwa mtupo wa Mario Elie katika sekunde za mwisho, na walipotwaa ubingwa kocha wao Rudy Tomjanovich aliwaambia watu wasidharau kamwe moyo wa bingwa. Ni kauli nzuri, na siipingi. Ila yatupasa tukumbuke kwamba moyo huo ulikuwa ndani ya kifua cha senta wao Hakeem Olajuwon, na kwamba mwezi Februari msimu ule ule klabu ilikuwa imemleta Clyde Drexler kumsaidia. Moyo huifanya timu isitawanyike wakati inatafuta jibu, na hiyo si kazi ndogo. Jibu lenyewe haliletwi na moyo. Boston mwaka 2023 walikuwa na moyo wa kutosha kutoka 3-0 hadi 3-3 dhidi ya Miami Heat, tena wa sita wakiuchukua 104-103 kwa mpira ambao Derrick White aliurudisha kikapuni ikiwa imebaki sehemu ya kumi ya sekunde. Mchezo wa saba Jayson Tatum aliteguka kifundo cha mguu katika shambulio la kwanza kabisa, na timu iliyokuwa ikiishi kwa mitupo ya mbali ikafunga pointi tatu 9 tu kati ya mitupo 42. Walifungwa 103-84, mbele ya mashabiki wao. Tatizo la kutegemea mtupo wa mbali walikuwa nalo walipofungwa mitatu ya kwanza, na hawakuwa wameliondoa.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi huitumia methali hii kumtuliza aliyefungwa, baada ya mambo kwisha. Mimi naona mahali pake hasa ni katika kikao cha benchi la ufundi usiku ule wa mchezo wa pili, wakati kuna mtu anasema waamuzi walitubana, mwingine anasema mipira ilikataa, na hakuna anayetaka kutamka kwamba senta wetu anazidiwa mbio na senta wao kila mara mpira unapopotea.

Nimalizie na hali ya ligi zetu, ambako mara nyingi mtoano huwa ni michezo mitatu au mitano. Mfululizo mfupi unabadilisha hesabu. Timu iliyopoteza mchezo wa kwanza katika mfululizo wa mitatu inatakiwa ishinde miwili mfululizo, kwa hiyo iko mahali pale pale alipo aliye nyuma kwa 3-2 kule Marekani. Timu iliyo nyuma kwa 2-0 katika mfululizo wa mitano iko mahali pale pale walipokuwa Cleveland mwaka 2016. Hata huko Marekani raundi ya kwanza iliwahi kuwa ya michezo mitano, na katika mfumo huo ndipo Denver Nuggets ya Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, ilipowatoa Seattle mwaka 1994. Seattle walikuwa wameshinda michezo 63 msimu ule, Denver 42. Denver walianza kwa kupoteza miwili, wakashinda mitatu iliyofuata, miwili ya mwisho ikiamuliwa katika muda wa nyongeza, na Mutombo akazuia mitupo 31 katika michezo hiyo mitano. Picha yake akiwa amelala chali sakafuni, ameubana mpira juu ya kichwa chake huku anacheka, nadhani hakuna mpenzi wa kikapu asiyeijua. Aliyefahamu kwamba mbele ya mlango kuna mtu wa namna ile alikuwa na kitu cha kuwarudishia wachezaji imani, na kilikuwa kitu halisi.

Kutokana na hilo, ushauri wangu kwa makocha wa ligi fupi ni mmoja. Mabadiliko ambayo kocha wa NBA anaweza kuyaweka akiba hadi mchezo wa tatu, ninyi mnayahitaji katika robo ya tatu ya mchezo wa kwanza, wakati bado mnayo michezo ya kuyajaribia. Anayesubiri alale afikirie atakuja kuyatumia siku ambayo akikosea mara moja tu msimu umekwisha. Ndugu Mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Naona mikono imeanza kunyooshwa kule nyuma, na ningependa nianze na maswali ya makocha wa timu za vijana, kwa kuwa wao mtoano wao unaanza mapema.